Hodi Tatu Mlangoni kwa Seli

Haya ni maneno niliyoyasema juzi jioni kwenye baraza ya skuli hapa Wete, kuhusu seli za mwili na namna zinavyokufa kwa mpango. Waliokosa kuja wamenisumbua niyaandike, basi nayaandika kama nilivyoyasema, na maswali ya watu nimeyaacha humo humo, mkiona pahala nimerukaruka mjue ndo nilivyozungumza.

Assalamu alaykum wazee wangu na mama zangu, na nyie vijana wa fomu fo na fomu siksi mliojazana hapo nyuma karibu na mlango ili mpate kutoroka, nimekuoneni. Umeme umekatika kwa hivyo zile slaidi nilizokesha nazo ndo basi tena, nina chaki, nina ubao, nina mdomo, tutakwenda hivo hivo.

Mnauona ule mkungu pale uwanjani? Majani yake yakishakuwa mekundu yanadondoka, na watu wanadhani upepo ndo unayang'oa. Siyo. Mti wenyewe unavuta kwanza vile vyenye faida kutoka kwenye jani, halafu unajikata pale kwenye kikonyo na kuziba kidonda, upepo unakuja kuchukua kitu ambacho kishaachwa zamani. Mwaka 1972 watu watatu, John Kerr wa Australia na Andrew Wyllie na Alastair Currie wa Aberdeen kule Uskochi, waliandika makala kuhusu seli zinazokufa kwa namna hiyo, kwa utaratibu, na walipotaka jina wakamfuata profesa wa Kigiriki wa hapo hapo Aberdeen, James Cormack, akawapa neno la Kigiriki la kudondoka, kama majani yanavyodondoka. Apoptosisi. Mie neno hili lilinichukua wiki nzima kulitamka sawasawa nilipokuwa mwanafunzi kwa hivyo asione haya mtu.

Sasa kufa kwa seli kuna kwa aina mbili kubwa. Wengi wenu mlioko hapa mnakumbuka Beit el Ajaib kule Unguja ilivyoporomoka upande mmoja tarehe 25 Disemba 2020, vumbi mpaka barabarani, vifusi, watu wakapoteza maisha. Seli nayo inaweza kufa vile, ikiungua au ikikosa damu ghafla, inavimba, inapasuka, vilivyomo ndani vinamwagika kwa majirani na pale pahala panavimba panakuwa pekundu panauma. Hiyo ni nekrosisi. Aina ya pili ni ile anapoitwa fundi kuvunja nyumba ya mawe, anatoa dari kwanza, anashusha boriti moja moja za mkoko anazifunga, mawe anayapanga pembeni, udongo unatiwa kwenye makarai, na jirani mwenye ukuta mmoja na wewe anaendelea kupika chai yake. Hiyo ndo apoptosisi, na miilini mwetu inafanyika kwa mabilioni ya seli kila siku, hata hapa tulipokaa, wala hakuna anaehisi kitu. Vidole vyenu hivi mlipokuwa tumboni kwa mama zenu vilikuwa na ngozi katikati kama mguu wa bata, seli za pale katikati zikafa kwa mpango ndo mkapata vidole vya kulia wali.

Nani anamuita fundi? Hapa ndo penye mada yangu. Mara nyengine seli inajiita fundi yenyewe, imejiona DNA yake imeharibika, hiyo ni njia ya ndani. Mara nyengine habari inatoka nje, seli nyengine inakuja kubisha hodi, na pale juu ya ngozi ya seli pana milango maalumu ya kupokelea habari hiyo. Ndo vinaitwa vipokezi vya kifo. Jina la kutisha, najua, mie kama ningekuwepo wakati wanaligawa ningewaambia watafute jengine, mana linafanya watu wafahamu vibaya na mtaona kwa nini.

Vilijulikanaje? Mwaka 1989 kule Japani Shin Yonehara na wenzake walikuwa wanatengeneza antibodi, wakapata moja ambayo ukiidondosha kwenye seli za binadamu kwenye sahani, seli zinakufa. Mwaka huo huo Ujerumani, Heidelberg, kundi la Peter Krammer nalo likapata ya kwao, wao wakaitia mpaka kwa panya waliopandikizwa uvimbe wa saratani na uvimbe ukanywea. Sasa tulizeni akili. Antibodi ni protini kubwa, haiingii ndani ya seli, inagusa kule juu tu. Na hii wala haikuwa na sumu. Imegusa kitu nje, basi, na seli imeanza kujivunja wenyewe! Ni sawa na mtu apite mtaani aguse kitasa cha mlango wa nyumba ya watu, na nyumba ianze kushusha boriti zake.

Wajapani kile kitu wakakiita Fas, kutokana na seli za FS7 walizokuwa wakitumia kutengenezea antibodi yao, Wajerumani wakakiita APO-1, kuja kuangalia ni mlango ule ule mmoja, kama sie watu wa Pemba mtu ana jina la skuli na jina la nyumbani na barua zinapotea. Mwaka 1991 Shigekazu Nagata na wenzake kule Osaka wakaipata jeni ya Fas, na mwaka 1993 wakampata na yule anaebisha hodi mwenyewe, ligandi ya Fas. Fas ana ndugu zake, yupo TNFR1, wapo DR3, DR4, DR5 na DR6, ukoo mmoja, na kinachowatambulisha ni kipande cha ndani, mkia unaoning'inia upande wa ndani ya seli, kipande kama cha asidi amino 80 hivi, yaani yale matofali yanayojenga protini, kinaitwa eneo la kifo. Nje wanapishana kidogo kidogo lakini ule mkia wa ndani ndo alama ya ukoo.

Hodi sasa. Sisi tumefunzwa hodi ni mara tatu, usipoitikiwa rudi zako usichungulie. Ligandi ya Fas nayo inakwenda kwa tatu, protini tatu zimeshikana pamoja, na kule chini vipokezi vya Fas vinakusanywa tatu tatu, halafu hayo mafungu ya tatu yanajikusanya tena yanakuwa kundi. Tofauti na zetu ni kwamba hizi si hodi za kupishana, ni za wakati mmoja, watu watatu bega kwa bega. Na kuna jambo moja mie linanifurahisha sana, ligandi hii kazi yake inaifanya sawasawa ikiwa bado imepandwa kwenye ngozi ya ile seli iliyokuja, maana yake mgeni amefika mwenyewe mlangoni. Ikikatwa ikawa inaelea kwenye damu nguvu yake inakuwa ndogo mno. Hodi ya kupiga kelele kutoka barabarani haifunguliwi. Ingekuwa inafunguliwa, basi hodi ya seli moja ingesikika mwili mzima tungekwisha sote.

Haya, mlango umebishwa. Ndani kunatokea nini? Ile mikia mitatu ikikaa karibu inashika protini moja inaitwa FADD. FADD ni adapta. Nyote mna simu, nyote mmeshawahi kununua chaja ya pini mbili na ukuta wenu una matundu matatu, sasa FADD ndo ile adapta, upande mmoja unaingia kwenye mkia wa Fas, upande wa pili unaingia kwa protini nyengine inaitwa kaspesi-8. Mkia wa Fas na kaspesi-8 hawajuani kabisa, bila ya adapta hodi itapigwa mpaka asubuhi. Adapta hiyo ilipatikana 1995 na makundi mawili tofauti, moja la Vishva Dixit kule Michigan, moja la David Wallach kule Israeli, na mwaka uliofuata makundi hayo hayo yakaipata kaspesi-8, kila mmoja na jina lake tena.

Kaspesi-8 ni kisu. Kaspesi zote ni visu, vinavyokata protini pahala maalumu tu, penye asidi amino inayoitwa aspateti, hazikati ovyo. Lakini kisu hiki siku zote kimo kwenye ala, kinaelea peke yake ndani ya seli hakimdhuru mtu. Zikikusanywa na adapta karibu karibu, mbili mbili zinakamatana zinaamka, kila moja inamvua mwenzake ala. Hakuna bosi anaetoa amri hapo, kule kukaribishana tu ndo amri yenyewe.

Mzee mmoja hapa mbele akanikata, "Kwa hivyo visu vimo ndani siku zote hata kabla ya hodi?" Nikamwambia hapo hapo mzee wangu, umenichukulia maneno yangu, kumbe leo ningekaa mie ukasema wewe. Ndo ninalotaka mtoke nalo hapa. Kipokezi hakiui. Watu wakisikia kipokezi cha kifo wanadhani ni kama bunduki, kumbe ni mlango tu, anaebisha hana silaha, mlango hauna silaha, visu ni vya mwenye nyumba na amezaliwa navyo. Seli hai na nzima kabisa ya moyo wako, ya ngozi yako, imebeba vifaa vyote vya kujivunja, inavilisha, inavitunza, na kila siku inaamua kutovitumia. Hodi ni hodi tu, linaloamuliwa ndani ndo jambo.

Na kweli ndani kuna mambo ya kuamuliwa. Kuna protini inaitwa c-FLIP, imefanana na kaspesi-8 mithili ya pacha lakini haina makali, kisu butu. Ikiwa nyingi inakwenda kushika nafasi kwenye adapta, visu vya kweli vinakosa pa kukaa, hodi inakwenda bure. Seli mbili zenye Fas sawa sawa, mgeni yule yule, moja inakufa moja inaendelea na shughuli zake, kisa idadi ya visu butu.

Tuseme visu vimeshinda. Kaspesi-8 inakwenda kuamsha kaspesi-3, na huyu sasa ndo fundi mwenyewe wa kuvunja. Anakata nguzo zinazoishikilia seli, seli inajikunja inakuwa ndogo. Anamkata mlinzi aliyekuwa amekikamata kimeng'enya cha kukata DNA, kimeng'enya kinafunguliwa, kinaingia kwenye kiini cha seli kinakata DNA vipande vipande vya herufi kama 180, au mara mbili yake, au mara tatu, kwa hivyo ukiiendesha DNA hiyo kwenye jeli ya maabara unaona mistari imepangana kama ngazi. Nilipoiona ngazi ile mara ya kwanza kwa macho yangu nilinyamaza. Nilikuwa nategemea kuona uharibifu, nikaona mpangilio.

Kuna seli nyengine lakini hodi ile peke yake haiwatoshi. Seli za ini ni hivyo. Kaspesi-8 inayoamka mlangoni ni kidogo, na ndani kuna protini nyengine, XIAP, imemkumbatia fundi asifanye kazi. Kwa hivyo kaspesi-8 inamkata mtu wa kati anaeitwa Bid, kipande chake kinakwenda mpaka kwenye mitokondria, mnaijua, ile ya kutoa nguvu, na kuitoboa kwa msaada wa protini mbili, Bax na Bak. Mitokondria ikitoboka inamwaga saitokromu c, ambayo siku zote kazi yake ni ya kuzalisha nishati, mtu wa heshima, leo akitoka nje ya nyumba yake anakuwa habari ya msiba. Inatoka na protini ya kumng'oa XIAP pia. Hapo njia ya nje na njia ya ndani zinakutana. Msidhani ini kwa hivyo liko salama, mwaka 1993 hao hao kina Nagata waliwadunga panya antibodi inayogusa Fas na panya wakafa ndani ya masaa machache, ini limekwisha. Ile ndoto ya 1989 kwamba tutaichukua antibodi ya Fas tuwape wagonjwa wa saratani ikafia hapo.

Usafi nitaupitia haraka mana nimeona saa. Ngozi ya seli ina tabaka mbili za mafuta, na kuna mafuta ya aina moja, fosfatidilserini, siku zote yanawekwa upande wa ndani. Kaspesi zinapofanya kazi zinaharibu protini ya kuyarudisha ndani na kuamsha ya kuyachanganya, mafuta yale yanatokeza nje, ndo bendera ya nijie nichukue. Makrofaji, seli zinazokula taka, wakiiona wanakuja wanameza vipande kimya kimya. Vifaa vinatumika tena. Kama fundi wetu na mawe yake.

Bibi mmoja, Mungu amuweke, aliekuja na mjukuu wake, akanyanyua mkono. "Mwalimu, hiyo seli inajiua, na kujiua si haramu?" Watu wakacheka, mie sikucheka kwa sababu kuna vitabu vinaandika hivo hivo, seli kujiua. Nikamwambia bibi yangu, seli haina nafsi wala haina nia, haijachoka na maisha. Ni kama kucha ukiikata au jani la mkungu pale nje. Mie napendelea kusema kufa kwa mpango. Akaridhika kidogo, akasema, "Basi mwambie alieandika kitabu abadilishe," nikamwambia nitafikisha.

Nani anabisha hodi? Mara nyingi ni seli nyeupe za damu, seli T. Seli T ikimkuta mwenzake ameingiliwa na virusi, mojawapo ya njia zake za kummaliza ni kumuonesha ligandi ya Fas. Lakini kazi kubwa zaidi, na hii wengi hawaitarajii, ni kumalizana wao kwa wao. Ukiumwa na mafua seli T zinazaliana zinakuwa jeshi. Mafua yakiisha jeshi hili unalipeleka wapi? Likibaki litaanza kugombana na wenyeji. Sehemu kubwa linapunguzwa kwa apoptosisi, na zile seli zinazoamshwa tena na tena huondolewa kwa njia ya Fas, zinabishiana hodi wenyewe kwa wenyewe. Tunajua hivi kwa sababu kuna panya walikuwa wanajulikana kwa kuvimba tezi na kuumwa maradhi ya mwili kujishambulia, mwaka 1992 ikaonekana jeni yao ya Fas ni mbovu, na panya wengine wenye ugonjwa kama ule ule mwaka 1994 wakakutwa ligandi ndo mbovu, yaani huku hakuna mlango, kule hakuna mgeni, matokeo yake yale yale. Na watoto wa binadamu wapo. Mwaka 1995 yalitoka maelezo ya watoto wenye hitilafu kwenye jeni ya Fas, tezi za shingo zimevimba, bandama kubwa, damu inajishambulia. Seli zao hazikuwa zikizaliana kupita kiasi. Zilikuwa hazifi. Mama mwenye mtoto wa namna hiyo anaona uvimbe tu shingoni na anazungushwa huku na huku, na mpaka leo ugonjwa huu ni wa nadra, daktari anaweza kumaliza kazi yake ya maisha asimuone hata mmoja.

Jicho nalo. Ndani ya jicho kuna ligandi ya Fas kwenye seli zake, seli T ikiingia kwa ghadhabu inabishiwa hodi yeye. Mana uvimbe ambao mguuni ungekuwa ni kitu cha wiki moja, jichoni ni upofu.

Sasa TNF, na hapa ntakaa kidogo. Miaka ya 1890 kule New York kulikuwa na daktari wa upasuaji, William Coley, aliona wagonjwa wengine wa saratani wakipata maambukizi makali ya bakteria uvimbe unanywea, akawa anawadunga bakteria waliouliwa. Mwaka 1975 kundi la Lloyd Old, hapo hapo New York, likaonesha kwamba bakteria si wao wanaoufisha uvimbe, ni kitu mwili unachokitoa ukikutana nao, wakakiita TNF, kwa maana ya kitu cha kuozesha uvimbe. Watu wakafurahi, dawa imepatikana! Aa wapi. Ukimpa mtu TNF mwilini kwa kiasi cha kufanya kazi presha inashuka anaweza kufa yeye kabla ya uvimbe.

Na la ajabu zaidi, mlango wa TNF, TNFR1, una mkia wa kifo kama wa Fas, lakini seli nyingi ukizibishia hodi kwa TNF hazifi. Zinaishi kwa nguvu zaidi. Kule mlangoni kunajengwa kundi la kwanza la protini ambalo linatuma habari kwenye kiini, tengenezeni vitu vya kujilinda, na katika vitu hivyo yumo yule yule c-FLIP kisu butu. Ni pale tu kundi la kwanza likishindwa ndo linajengwa la pili ndani, lenye FADD na kaspesi-8, likaua. Jambo hili lilifahamika vizuri 2003. Mgeni mmoja, mlango mmoja, majibu mawili, na jibu liko kwa mwenye nyumba.

Halafu kuna la tatu. Kijana wa fomu siksi akauliza, "Je, virusi akija na kitu cha kuizuia kaspesi-8?" Swali zuri mno, na wapo kweli, virusi vya ndui ya ng'ombe vina protini ya kuvizuia visu hivyo. Seli ikishikwa hivyo, na hodi ya TNF imepigwa, inatumia njia nyengine, protini mbili RIPK1 na RIPK3 zinashikana, zinaamsha ya tatu inaitwa MLKL, hiyo inakwenda kuitoboa ngozi ya seli, seli inapasuka kwa makusudi. Nekroptosisi. Nyumba inaangushwa kwa vumbi na kelele ili mtaa mzima ujue kuna mwizi. Kwa kawaida kaspesi-8 ndo inaizuia njia hii, inazikata hizo RIPK, ndo mana panya ukimtoa jeni ya kaspesi-8 anafia tumboni, na ukimtoa kaspesi-8 na RIPK3 pamoja anazaliwa anaishi, hili lilioneshwa 2011. Kumbe kisu cha kuulia ndo kile kile kinachomuweka hai. Mie hapa huwa nachoka na vitabu vinavyochora mshale mmoja kutoka Fas mpaka kifo.

Walioko hapa na wagonjwa wa baridi yabisi wamesikia labda dawa za sindano za kuzuia TNF, infliximab, etanercept, adalimumab. Hizi zinamkamata mgeni kabla hajafika mlangoni, viungo vinapoa. Lakini kwa watu wetu lazima daktari apime kifua kikuu kwanza, mana TNF ndo inawashikilia makrofaji wakivizingira vijidudu vya TB vilivyolala, ukiitoa vinaamka. Lilijulikana 2001, dawa ishatumika.

Saratani, najua wengi mmekuja kwa hilo. Mwaka 1995 alipatikana mgeni mwengine, TRAIL, mwaka 1997 wakafahamika milango yake DR4 na DR5, na huyu kwenye maabara alikuwa anaua seli nyingi za saratani na kuziacha nyingi nzima. Matumaini yakapanda. Dawa zikatengenezwa, zikajaribiwa kwa wagonjwa, na zile za mwanzo hazikufua dafu. Sababu si moja. Seli ya saratani inaongeza visu butu, inaongeza XIAP, inaivunja njia ya mitokondria, nyengine hata hodi inaichukua kama habari ya kukua. Na TRAIL anayo na milango ya uongo, vipokezi viwili vyenye sura ya nje kama DR4 na DR5 lakini kimoja hakina mkia kabisa, cha pili mkia wake haujatimia. Nyie mmeshapita Mji Mkongwe mkaiona ile milango ya kuchonga imeegemezwa kwenye maduka inauzwa, ina misumari ya shaba, ina kila kitu. Bisha hodi mpaka uchoke, nyuma yake hakuna nyumba.

Mtu akauliza, viumbe wote wana milango hii? Nikamwambia hapana, kuna mnyoo mdogo kabisa, C. elegans, ambae watu wamemuhesabu seli moja moja, anatengeneza seli 1,090 na kati ya hizo 131 zinakufa kwa mpango, zile zile kila mnyoo, na kazi hiyo ikawapatia Brenner, Horvitz na Sulston Nobeli ya 2002. Mnyoo huyo ana visu, hana vipokezi hivi vya kifo. Hapigiwi hodi, anajua mwenyewe.

Lakini matumbawe yanayo. Ndio, matumbawe haya ya baharini. Mwaka 2014 yalitoka matokeo ya watafiti waliochukua tumbawe la jamii ya Acropora, wakalitilia TNF ya binadamu, seli zake zikafa kwa apoptosisi na tumbawe likapauka. Wakageuza wakachukua ya tumbawe wakazitia seli T za binadamu, nazo zikafa. Hodi moja, na tumeachana na matumbawe miaka zaidi ya milioni 500 iliyopita.

Hapo mzee mmoja mvuvi, alikuwa kimya tangu mwanzo, akauliza kuhusu kisiwa cha Misali, akasema yeye mwaka 1998 aliyaona matumbawe yamekuwa meupe kama chokaa eneo kubwa, je ni hodi hiyo hiyo? Nikamwambia mzee, ile ya 1998 ni joto, maji yalichemka bahari nzima ya huku, tumbawe likawatoa wale mwani wanaoishi ndani yake na wanaolipa rangi, na apoptosisi imo katika namna linavyowatoa. Akaniuliza tena, na hawa wanaochimba mawe ya kujengea pwani, yale mawe ni hao hao? Nikamwambia ni hao hao, waliokufa zamani. Akatazama ukuta wa skuli pale penye plasta iliyobanduka, jiwe liko wazi na vishimo vyake vya nyota, akaenda akatia kidole.